Bei ya Samaki kwa Pesa Iliyo Hai

Mimi ni mtu wa mahindi. Nilizaliwa Kitale, na nyumbani kwetu samaki alikuwa mgeni wa mara moja kwa mwaka, tena mgeni ambaye hakuna aliyemuuliza atarudi lini. Kwa hiyo Mungu ana mzaha wake. Nilipokuja Juba kufanya kazi ya takwimu, kazi kubwa ya kwanza niliyokabidhiwa niisimamie mwenyewe ilikuwa ya samaki wakavu wa chumvi.

Ofisi yetu iko Hai Amarat, vyumba viwili nyuma ya hoteli ambayo jenereta yake huanza kututikisia madirisha saa tatu asubuhi na kunyamaza ikipenda. Mimi naishi Atlabara, chumba na sebule, na jirani anayefuga bata wasio na adabu. Nilipofika niliwaambia watu wa nyumbani kwamba nitakaa mwaka mmoja tu. Mwaka huo ulikwisha zamani na sikuona haja ya kuwatangazia. Nimepazoea, na niseme ukweli, nimepapenda.

Mkuu wangu ni mzee wa papa hapa Juba aliyesoma Kenya wakati wa vita, akarudi na Kiswahili cha Nairobi ambacho hata mimi wakati mwingine kinanipita. Yeye ananiita dada, mimi namwita mzee. Anavaa kofia ya majani hata akiwa ndani ya ofisi, na ana ndoto moja tu kuhusu uchumi. Nchi yake changa inaishi kwa mafuta, na yeye anataka kabla hajastaafu aione ikiuza nje kitu ambacho hakitoki kwenye bomba. Ameshawahi kuwekeza tumaini lake kwenye asali, kisha kwenye mafuta ya mbegu za mti uitwao lulu, yale ya kupaka na kupikia. Safari hii ilikuwa zamu ya samaki.

Samaki wenyewe hutoka mtoni, upande wa Terekeka na kwingineko, wanapasuliwa, wanatiwa chumvi, wanaanikwa, kisha wanaletwa soko la Konyo Konyo katika magunia. Pale wanunuzi wa nje huwasubiri. Baadhi ni Waganda, lakini walio wengi wananunua kwa ajili ya Kongo, ambako samaki wa chumvi anapendwa kwa sababu anaweza kusafiri siku nyingi katika barabara mbaya asioze. Lori hujaa magunia, hushuka Nimule, mpakani na Uganda, na hurudi na unga, sukari, maharage na sabuni.

Mfadhili mmoja alikuwa tayari kuwajengea wanawake wa samaki ghala palepale sokoni: paa la mabati, sakafu ya saruji, vichanja vya kupangia samaki. Wanawake wangelipa kidogo kwa kila gunia linalolala humo, na malipo hayo yangepandisha bei. Hapo ndipo lilipozaliwa swali letu. Wanunuzi wa nje wakiona bei imepanda kidogo, wataendelea kununua, au watatuacha waende kwa samaki wa ziwani kwao? Kama wataendelea, ghala lijengwe. Kama watakimbia, fedha ziende kwenye shughuli nyingine. Vitabuni swali hilo linaitwa makadirio ya mahitaji ya bidhaa nje ya nchi, na mimi nilikuwa nimelisomea mpaka nikavaa miwani. Nilipandisha mikono ya blauzi na kusema kazi hii ni yangu.

Pale sokoni kulikuwa na mwanamke mmoja niliyemfahamu kuliko wengine, Mganda wa Arua, mnene wa mabega, mwenye sauti ya kuita lori lisimame. Alikuwa ameuza samaki Konyo Konyo miaka mingi kuliko nilivyokuwa nimefanya kazi yoyote ile. Aliniita mwalimu kwa sababu ya daftari langu, nami nilimwita mama. Alikuwa na kichanja kimoja cha miti, na magunia yaliyobaki aliyapanga juu ya mbao chini, akayafunika turubali la bluu. Jua likiwaka alikuwa mfanyabiashara mkubwa. Mvua ikinyesha alikuwa mtu anayekimbia huku na huko na ndoo.

Msimu wa mvua uliotangulia maji yalikuwa yamepita chini ya mbao usiku kucha. Asubuhi alifungua magunia akakuta samaki wamelainika, na baada ya siku chache wakaingia funza. Alitupa mzigo ambao ungemlipia nusu ya mwaka. Alinisimulia haya bila kulia, huku akifukuza nzi, kisha akaniambia waziwazi kwamba mvua nyingine ikimkuta chini ya turubali atafunga biashara arudi Arua akalime mihogo ya dada yake. Sikudhani anatisha tu. Tayari alikuwa ameulizia nauli ya lori kwa kitanda chake na masufuria.

Basi tukatengeneza hojaji. Tuliajiri wahoji wawili, wasichana wa hapa wanaokijua Kiarabu cha Juba na Kiswahili, wakapita kwa kila mwanamke wa samaki wakiuliza mambo machache. Msimu huu umeuzia watu wa nje magunia mangapi? Kwa bei gani kwa pauni? Msimu uliopita je? Na ule wa kabla yake? Nilisisitiza pauni, pesa ya nchi hii, kwa sababu ndiyo iliyotumika pale. Wanunuzi huja na dola au shilingi za Uganda, lakini wanabadilisha kwanza kwa watu wa noti pale mlangoni, na kiwango cha mlangoni hubadilika baina ya chai ya asubuhi na chakula cha mchana. Hakuna anayekikumbuka cha mwaka juzi.

Majibu yalikuja, nikayatazama nikashangaa. Magunia yalikuwa karibu yaleyale kila msimu. Hilo halikunisumbua, gunia ni gunia. Kilichonishangaza ni bei. Bei ya misimu iliyopita ilikuwa karibu sawa na ya sasa, katika mji ambao bei ya mkate hubadilika kabla hujaumaliza. Nilikaa nikafikiri, nikaona nimeelewa. Kila kitu Juba kimepanda, samaki pekee hakupanda. Maana yake samaki amepoteza thamani. Nilijisikia mjanja sana.

Nikafanya kama inavyofundishwa. Ukitaka kujua bei halisi ya kitu mahali penye mfumuko wa bei, unachukua bei ya wakati ule na kuipima dhidi ya gharama za maisha za wakati uleule, ili usidanganywe na wingi wa noti. Nilichukua majedwali ya gharama za maisha, nikapima msimu mmoja mmoja. Mstari wa bei halisi ya samaki ukateremka kama mtu aliyeteleza kwenye ngazi. Magunia yaleyale, kwa bei inayoporomoka. Yaani wanawake hawa walikuwa wakiwabembeleza wanunuzi kwa kupunguza bei kila mwaka, na hata hivyo hawakuuza gunia moja zaidi. Mnunuzi wa namna hiyo ameshaweka mguu mmoja nje ya mlango, na ukimwongezea bei hata kidogo ataondoka. Niliandika hivyo kwa lugha ya heshima, na mwisho wa rasimu nikapendekeza ghala lisijengwe.

Sikufurahi kuandika, nataka hilo lijulikane. Nilimfikiria mama na ndoo zake. Lakini nilikuwa na kiburi cha watu wa takwimu, kile cha kudhani kwamba ukiumia kwa sababu ya ukweli basi umefanya kazi vizuri.

Mzee alisoma rasimu Jumatano, kofia kichwani, kidole kikifuata mistari. Alirudi kwenye jedwali mara tatu. Kisha akasema, kwa upole, kwamba haiwezekani, kwamba yeye hupita Konyo Konyo kila Jumamosi na malori yanajaa mpaka watu wanapanda juu ya magunia kuyafunga kamba, na wanunuzi wanagombana wenyewe kwa wenyewe. Mtu anayekimbia bidhaa hagombani ili aipate.

Nilikasirika. Nina hasira za karibu, mama yangu husema nilizaliwa siku ya upepo. Nilimwambia, "Mzee, macho si takwimu."

Alinitazama kidogo, akavua kofia, akaivaa tena, akasema sawa. Rasimu ikapelekwa kwa mfadhili mchana huohuo, na kikao cha kuamua kilikuwa Ijumaa. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Guu langu lilikuwa bado zima, kwa hiyo nilitembea nalo kwa maringo mpaka nyumbani.

Alhamisi asubuhi nilichukua raksha, zile pikipiki za magurudumu matatu, nikaenda Konyo Konyo. Nilitaka mama asikie kwangu kabla hajasikia kwa mtu mwingine. Njia nzima nilipanga maneno, na nilipofika yote yakanitoka. Alinivutia kreti nikae, akaniagizia chai ya tangawizi, akaanza kuniuliza habari za bata wa jirani. Nilijibu kila swali kwa kirefu ili nisifike kwenye langu.

Mbele yetu akapita mtu anasukuma mkokoteni wenye kitanda kipya cha mbao. Nikapata kisingizio kingine cha kuchelewa. Niliuliza kitanda kama kile ni bei gani siku hizi. Mama akataja bei. Akaongeza kwamba chake, alichonunua kwa seremala mmoja wa Gudele mvua tatu zilizopita, kilikuwa rahisi kidogo, na chake ni kizuri zaidi, kina droo. Akataja bei ya hicho cha zamani.

Nilicheka. Kwa pauni alizozitaja, mwaka ule angenunua vitanda vya mtaa mzima na magodoro juu. Nilikumbuka vizuri kwa sababu mwaka huohuo nilinunua friji yangu, na sikutoa hata sehemu ndogo ya noti hizo. Nilimwambia amechanganya, haiwezekani alilipa hivyo. Alinitazama kama unavyomtazama mtu mzima aliyevaa viatu kinyume.

"Mwalimu, pesa ya siku ile wewe nataka ya nini?" alisema. "Ile pesa ilikufa, kalas, imekwisha. Mtu nauliza mimi bei, mimi naambia yeye na pesa iko hai, ndiyo aelewe."

Niliweka glasi ya chai chini. Nikamuuliza polepole, kama mtu anayepita juu ya mawe ya mto, wale wasichana wetu walipomuuliza bei ya samaki ya misimu iliyopita, aliwaambia kwa pesa ipi.

"Ile iko hai," alisema. "Wanawake yote hapa nasema hivyo. Kuambia mtu ile ya zamani ni kama kudanganya yeye. Atafikiri samaki ilikuwa ya bure."

Nilikaa pale na kuona kazi yangu yote ikifumuka kama fulana iliyovutwa uzi. Wanawake wale, kila mmoja, walikuwa wamefanya kazi yangu kabla yangu, kichwani, bila jedwali, kwa adabu tu ya kutaka anayewauliza aelewe. Walichukua bei ya zamani wakaigeuza kuwa pauni za leo. Mimi nikaja na majedwali yangu nikaigeuza mara ya pili. Nilimenya kiazi kilichokwisha kumenywa, halafu nikaandika ripoti kwamba kiazi ni kidogo.

Ubaya wa mambo ni kwamba nilipaswa kujua, kwa kuwa mimi mwenyewe hufanya vilevile. Mwezi uliotangulia mgeni kutoka Kitale aliniuliza friji yangu nilinunua kwa pauni ngapi, nikamtajia bei ya leo bila kufikiri mara mbili. Ningemwambia ile niliyolipa kweli angenishangaa bure, akaenda kusema Juba vitu vinagawiwa. Mji ulikuwa umenifundisha desturi yake, nikaitumia nyumbani na kuisahau ofisini. Kama ningekuwa mgeni wa wiki mbili, ningejitetea. Sikuwa.

Nilimwambia mama kila kitu. Nilimwambia nimekosea, kwamba rasimu imekwisha kwenda, kwamba kesho watu wanakaa kuamua, na kwamba kwa karatasi yangu ghala halijengwi. Akaangalia turubali lake. Sikuweza kumtazama usoni, nilitazama mikono yake yenye nyufa nyeupe za chumvi. Kisha akasema neno moja, "Kimbia," nami nikakimbia kweli, mtu mzima na mkoba wangu, mpaka nilipopata raksha.

Mzee alikuwa mezani anakula. Nilisimama mlangoni nikaungama yote bila kupumua. Nilitarajia anigombeze, na ningemshukuru. Badala yake alisukuma sahani pembeni, akaanza kucheka mpaka kofia ikamteleza. Akasema hata yeye asubuhi ile alikuwa amemsimulia mkewe bei ya suti yake ya kwanza, kwa pauni za leo, na suti yenyewe aliinunua kabla nchi haijapata pauni yake. Alikuwa ameishi ndani ya desturi hiyo miaka yote na haikumjia kamwe kwamba inaweza kuingia kwenye hojaji.

Aliinua simu akampigia mfadhili. Nilimsikia akisema kwamba ofisi yetu imegundua kosa, kosa ni letu, na rasimu isisomwe. Hakutaja kwamba kosa lilikuwa la mtu mmoja mwenye hasira za karibu. Alipewa wiki moja, na akaambiwa haitaongezwa hata siku. Aliweka simu, akavuta sahani yake tena, akanitazama.

"Sasa niambie, dada," alisema. "Macho ni takwimu ama si takwimu?"

Nikaenda kumwongezea chai.

Tatizo lilikuwa hili. Bei ya zamani kwa noti zilizotolewa siku ile, hakuna anayeikumbuka, na aliyedai anakumbuka alikuwa anakisia. Bei ya leo waliyotaja wanawake ilikuwa imegeuzwa kwa kichwa, kila mtu na kichwa chake. Nilihitaji kipimo ambacho hakifi, tena ambacho wote wanakitumia kwa namna moja. Niliumwa kichwa siku mbili nikitafuta kwenye vitabu. Jumamosi nilirudi Konyo Konyo mikono mitupu, na mama, aliyekuwa amenisamehe au alikuwa na shughuli nyingi za kufanya kuliko kukasirika, akaniuliza kwa nini siwaulizi habari za unga.

Hapo inabidi nieleze jinsi wanavyofanya kazi. Pale sokoni hakuna anayelaza pesa. Ukiuza gunia la samaki asubuhi, ukikaa na noti mpaka kesho umekwisha kupata hasara. Kwa hiyo mwanamke akishika pauni anatoka nazo moja kwa moja mpaka kwenye malori yaliyorudi kutoka Uganda, ananunua unga, na kufikia mchana samaki wake wamekuwa magunia ya unga ambayo atayauza polepole. Pauni ni daraja la kuvuka tu, na hakuna anayekumbuka daraja. Lakini unga ulioingia nyumbani kwako kila mtu anaukumbuka. Unga uliubeba, uliutafutia mahali, mlioneana wivu na jirani kwa ajili yake.

Tukaanza upya, mimi na wale wasichana wawili, tumekaa juu ya makreti siku nne. Hatukutamka neno pauni. Tuliuliza gunia la samaki msimu ule lilikuletea unga kiasi gani, na msimu wa kabla yake, na wakati wa mvua, na wakati wa jua. Majibu yalikuja kwa namna ambayo sijawahi kuiona katika maisha yangu ya hojaji. Wanawake wawili waligombana karibu kuvuana vitambaa juu ya kama msimu mmoja ulileta magunia mawili au magunia mawili na karai moja, na yule wa karai alitoa ushahidi, kwamba karai hilo ndilo alilopelekea msiba wa mkwewe. Tuliandika karai.

Niliwauliza wanunuzi pia, wale waliokuwepo, kuhusu samaki wa maziwani kwao, na kipimo kikawa kilekile, unga. Mama alipita mara kwa mara nyuma yangu kuchungulia daftari. Alifurahi sana kugundua kwamba mtu wa mahindi ameletwa mpaka Juba ili ajue bei ya samaki kwa unga wa mahindi. Alilitangaza hilo kwa soko zima, kwa lugha tatu, na kwa siku kadhaa nilisalimiwa kwa kicheko kila nilipopita. Sikujali. Nilikuwa na furaha niliyoikosa tangu nilipokuwa mwanafunzi, ile ya kusikia kitu na kujua kwamba ndicho.

Mstari mpya haukuteleza. Samaki hakuwa ameshuka hata kidogo. Gunia lake lilikuwa limeshikilia unga wake msimu baada ya msimu, na msimu wa mwisho lilikuwa limeongeza. Wakati wa mvua, samaki wanapopungua na bei kupanda, wanunuzi walipunguza magunia kidogo, wakanung'unika, na bado wakapakia lori. Wanunuzi wawili waliniambia wenyewe kwamba samaki wa ziwani ni mtamu, lakini hafiki mbali. Katika ukurasa wa kwanza wa ripoti mpya niliandika kwamba bei ikipanda kiasi cha malipo ya ghala, mnunuzi wa nje atalalamika lakini hatakimbia. Niliandika pia, kwa sababu kiburi changu kilikuwa kimepata likizo, kwamba misimu mitatu ni michache, kwamba kipimo chetu ni unga na sababu zake ni hizi, na kwamba rasimu ya kwanza ilikosewa na aliyekosea ni mimi.

Katika kikao, mtu mmoja wa upande wa mfadhili aliuliza kwa adabu kama kweli unga unaweza kuitwa fedha. Mzee alijibu kwamba hajui, ila anajua unga haufi usiku mmoja. Watu walicheka, na baada ya kucheka wakasoma ukurasa wa kwanza tena. Wakakubali.

Mabati yalipigiliwa kabla ya mvua kubwa. Mama hakupanda lori la Arua, ila kitanda chake chenye droo alikihamisha kwenye chumba kikubwa zaidi Gudele. Kwenye hojaji zetu zote, za samaki na za mambo mengine, sasa kuna swali jipya, linalomwomba mtu aseme bei anayotaja ni ya noti za siku ile au za leo. Mzee huwaonyesha wageni swali hilo kana kwamba ndiye aliyelizaa, nami namwacha.

Mvua ya kwanza nzito ilinyesha Jumamosi moja mchana. Nilikuwa nyumbani, nikasikia inavyopiga bati, nikashindwa kukaa. Nilifunga unga kilo mbili kwenye mfuko wa plastiki, kwa kuwa mama alikuwa ameniapia kwamba mimi, peke yangu katika soko zima, hataniuzia tena samaki kwa pauni, nikachukua raksha hadi Konyo Konyo. Maji yalikuwa yanapita katikati ya soko kama yanavyopita siku zote. Ndani ya ghala kulikuwa kukavu na kulinuka chumvi. Mama alikuwa amekaa juu ya kreti, miguu ameinyoosha, hana ndoo mkononi. Sijui kama amewahi kukaa hivyo wakati wa mvua katika miaka yake yote ya Juba. Machozi yalinijia, nikayasingizia chumvi.

Nilichagua samaki mkubwa, mpana, aliyekauka vizuri. Siku hizi nampika na karanga, na bata wa jirani hunijia dirishani kwa harufu yake. Nikampa mama mfuko wangu wa unga kama tulivyozoea. Aliuinua, akaupima kwa kiganja, akaupandisha na kuushusha, akatikisa kichwa.

"Ongeza, mwalimu," alisema. "Samaki sasa nalala ndani ya nyumba."

Nilifungua mdomo kubishana, maana nimelelewa sokoni Kitale na kununua bila kubishana ni aibu kwa ukoo. Kisha nikakumbuka nilichoandika katika ukurasa wa kwanza kuhusu mnunuzi na malipo ya ghala. Nikaufunga mdomo, nikajifunika mkoba kichwani, nikavuka maji mpaka duka la ng'ambo kununua kilo nyingine.